Maswali ya Wasomaji: Laptopu imekataa mfumo mpya, na draiva nitazitoa wapi?

Jamani mwezi huu maswali yamekuwa mengi mno na karibu yote yanazunguka palepale, mtu ana laptopu yake nzima kabisa haina ubovu wowote, ila akitaka kuiwekea mfumo fulani anaambiwa haisapotiwi. Nimechagua machache ambayo ukiyasoma utapata na la kwako humo ndani. Nawaomba kitu kimoja tu, kabla hujafuta chochote kwenye mashine yako soma majibu mawili ya mwanzo hata kama swali lako siyo hilo, maana kwenye draiva (programu ndogo zinazouwezesha mfumo kutumia vifaa kama waifai na sauti) ndo watu wengi wanakwama, usiku wa manane, mashine haina waifai na ya pili ya kuombea msaada hakuna.

SWALI: Habari yako fundi. Nina laptopu ya 2015, Core i5 ya kizazi cha 5, ramu GB 8, nimeiwekea SSD na inakimbia vizuri tu. Windows 10 ndo hivyo imeshaachwa, nikijaribu kwenda Windows 11 inaniambia kompyuta hii haikidhi vigezo. Rafiki yangu mmoja anasema kuna njia ya kupita, mwingine anasema nitaiua mashine. Nimwamini nani?

JIBU: Salama ndugu yangu. Mwamini wa kwanza, ila huyo wa pili naye usimpuuze, ana sababu zake. Tuanze na kwa nini imekataa. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 Microsoft waliweka masharti: prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 na chache sana za kizazi cha 7 (AMD nayo ina orodha yake), chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0, Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inawaka), ramu GB 4 na nafasi ya GB 64. Ya kwako imeangukia kwenye prosesa, na TPM yake kama ipo basi uwezekano mkubwa ni ile ya 1.2. Sasa angalia, nguvu ya mashine wala haikuguswa hapo, ramu unayo na nafasi unayo, ndo maana mtu akilazimisha inawaka na inapiga kazi kama kawaida.

Ukuta wa kweli uko kwingine. Toleo la 24H2 la mwaka 2024 linataka prosesa iwe na maagizo mawili, SSE4.2 na POPCNT, na hapo hakuna ujanja, Core 2 Duo haitawaka hata ufanyeje. Core i zote kuanzia za kwanza kabisa za 2008 zinayo, kwa hiyo wewe umepona.

Unachopoteza ni ahadi. Microsoft wanasema wazi mashine ya namna hii haina haki ya kudai apdeti, yaani wakiamua kesho kuikatia hawajakuvunjia mkataba wowote. Kwa mashine nilizopitia mimi apdeti za usalama za kila mwezi zinaingia zenyewe, ila ile kubwa ya mwaka haiji, unaipakia kwa mkono. Kama laptopu inashika kazi ambayo ikilala siku mbili unaumia, basi fikiria pia kubaki Windows 10 na kujiunga na ule mpango wa nyongeza ya apdeti za usalama, kwa watumiaji wa nyumbani unafika Oktoba 13, 2026, unakupa muda wa kujipanga bila presha.

Ukiamua kwenda, chukua ISO (faili moja lenye kisakinishaji kizima) ya Windows 11 kutoka kwa Microsoft wenyewe, usichukue zile zilizopunguzwapunguzwa na watu huwezi kujua wameweka nini humo, halafu itie kwenye flashi ya GB 8 au zaidi kwa kutumia programu ya Rufus. Ukibonyeza START kuna kidirisha kinatokea, kipengele cha kwanza kinasema kiondoe sharti la ramu, Secure Boot na TPM 2.0, weka tiki hapo basi. Windows 11 ni ya biti 64 tu kwa hiyo kama Windows yako ya sasa ni ya biti 32 hakuna kuruka juu yake, ni kupiga upya.

Lakini subiri, usibuti bado. Fungua kwanza Command Prompt kwa haki za msimamizi, chomeka flashi nyingine, tengeneza folda uiite draiva, na kama flashi imejitokeza kama D andika hivi:

DISM /online /export-driver /destination:D:\draiva

Itanakili kila draiva ambayo haikuja na Windows yenyewe, waifai, sauti, tachipadi, kisoma kadi, vyote. Inachukua dakika chache tu na hizo dakika ndo zinaamua kama kazi yako itaisha leo au wiki ijayo, kwa sababu Windows 11 kwa ndani bado inajiita toleo 10.0, hivyo draiva ya biti 64 iliyokuwa inafanya kazi kwenye Windows 10 mara nyingi sana inakubali bila maneno. Ukishamaliza kupiga Windows unarudi unaandika:

pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install

Unaristati, unakuta vitu viko mahali pake. Na kama diski yako imefungwa kwa BitLocker andika pembeni ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla hujagusa biosi (setingi za mashine yenyewe kabla Windows haijawaka), ukibadilisha setingi za TPM au Secure Boot ndo unaulizwa, na bila huo faili zako umeziaga.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nimeshapiga Windows 11 kwenye laptopu ya zamani na sikuhifadhi draiva yoyote. Waifai haipo kabisa hata ikoni yake, sauti hakuna, maandishi yamekuwa makubwa na mwanga wa skrini haupungui. Device Manager ina alama sita za njano. Nikaletewa kwenye flashi programu ya kutafuta draiva zote kwa mpigo, nikairun, sasa na tachipadi imekufa. Naomba msaada nimekwama.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole, na usifute tena, hii inatengenezeka. Hiyo programu iondoe kwanza. Zile za kutafuta draiva zote kwa mpigo zinakisia, zinaona jina linafanana zinaweka, nyingine zinabeba matangazo na vitu ambavyo hukuomba. Kwa tachipadi chomeka mausi ya USB, ingia Device Manager, bonyeza kulia kwenye tachipadi, Properties, kisha Driver, kisha Roll Back Driver. Kama hicho kitufe kimefifia, chagua Uninstall device, weka tiki ya kufuta na draiva yake, ristati.

Sasa intaneti. Chukua simu ya Android, ichomeke kwa waya wa USB, washa USB tethering kwenye setingi za simu. Windows inaitambua kama kadi ya mtandao bila kuhitaji draiva ya pembeni, hiki kitu kimeniokoa mara nyingi kuliko kingine chochote kwenye kazi hii. Ukishapata mtandao nenda Windows Update, iache itafute hadi mwisho, halafu ingia Advanced options, Optional updates, utakuta sehemu ya Driver updates, weka tiki zote za vifaa vyenye alama, shusha, ristati, rudia tena mara ya pili maana kuna draiva hazijitokezi mpaka nyingine ianze kuwepo. Kati ya sita zako usishangae zikabaki mbili.

Hizo mbili ndo za kukaa nazo. Bonyeza kulia kwenye kifaa chenye njano, Properties, usome kwanza namba ya era. Code 28 maana yake hakuna draiva kabisa. Code 10 draiva ipo ila kifaa kimegoma kuanza, hapo mara nyingi umeweka draiva isiyo yake. Kisha nenda Details, pale juu badilisha iwe Hardware Ids, utaona mstari kama huu:

PCI\VEN_14E4&DEV_4365&SUBSYS_...

Watu wanaogopa huu mstari wakati ndo kitambulisho cha kifaa chenyewe. Herufi nne baada ya VEN ni mtengenezaji, nne baada ya DEV ni kifaa. 14E4 ni Broadcom, 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 168C ni Atheros, 1002 ni AMD upande wa kadi za picha na 10DE ni NVIDIA. Huu wa mfano ni kadi ya waifai ya Broadcom BCM43142, imejaa sana kwenye laptopu za miaka ya 2013 hadi 2015. Sasa ona tofauti, badala ya kutafuta waifai ya laptopu yangu ukaletewa takataka za kila aina, unatafuta VEN_14E4&DEV_4365 na unajua kabisa unachotafuta ni nini.

Tovuti ya mtengenezaji wa laptopu ndo pa kuanzia, weka modeli kamili iliyoandikwa chini ya mashine. Ukikuta draiva zinaishia Windows 8.1 au Windows 10 usikate tamaa, chukua ya biti 64 iliyo mpya zaidi. Faili la exe likikataa likasema mfumo huu hausapotiwi, lifungue kwa 7-Zip kama folda ya kawaida, ndani tafuta faili linaloishia na .inf, kisha rudi Device Manager, Update driver, Browse my computer for drivers, uielekeze kwenye hiyo folda. Kinachokataa pale mara nyingi ni kisakinishaji kinachokagua toleo la Windows, draiva yenyewe haina tatizo. Unataka uhakika? Fungua hilo faili la .inf kwa Notepad, bonyeza Ctrl na F, bandika namba yako ya VEN na DEV, ikionekana mle ndani basi draiva hiyo iliandikwa kwa ajili ya kifaa chako, isipoonekana iache hata kama jina linafanana.

Maandishi makubwa na mwanga usiopungua ni kitu kimoja, Windows inatumia Microsoft Basic Display Adapter ambayo inajua kuchora tu, haijui kadi yako, ndo maana hata video inakwama na laptopu haikubali kulala. Ukiweka draiva ya picha vyote vinaisha kwa pamoja. Zile za Intel ukizitoa kwa Intel wenyewe wakati mwingine zinakwambia draiva haijathibitishwa kwa kompyuta hii na kukuelekeza kwa mtengenezaji, tumia njia ileile ya .inf.

Kuna majina yatakuchanganya. PCI Simple Communications Controller ni Intel Management Engine, SM Bus Controller ni chipuseti, Base System Device mara nyingi ni kisoma kadi. Na kuna lile Unknown device halina hata jina, ukiangalia kitambulisho unakuta ACPI\HPQ0004, hicho ni kihisi cha laptopu za HP kinachojua mashine inadondoka ili diski ijilinde. Kama umeshaweka SSD hiyo njano hata ukiiacha haikupunguzii kitu, nimeshuhudia mtu akipiga Windows mara tatu kwa ajili ya hicho kifaa kimoja ambacho hakihitaji tena.

La mwisho hapa, draiva ya zamani ikikataliwa na Windows Security ikakutajia Memory integrity, ujue kuna ulinzi unaozuia draiva za kizamani zisiingie kwenye kiini cha mfumo. Unaweza kuuzima pale Core isolation na draiva ikaingia, lakini umeshusha ulinzi wa mashine nzima kwa sababu ya kifaa kimoja, mimi ningetafuta toleo jipya la draiva kwanza, na kama ni waifai tu hata kadi ndogo ya USB inatosha.

SWALI: Naweka Windows 10 kwenye laptopu ya Intel kizazi cha 11, nikifika sehemu ya kuchagua diski ni tupu, haionyeshi chochote, ila biosi inaiona SSD. Imekufa?

JIBU: Haijakufa. Kuanzia kizazi hicho diski nyingi zinapita kwenye kitu kinaitwa VMD (kidhibiti cha diski cha Intel) na flashi yako haina draiva yake. Shusha draiva ya Intel RST ya modeli yako, ifungue kwanza mpaka uone faili la iaStorVD.inf, nakili folda nzima kwenye flashi, kisha pale kwenye diski tupu bonyeza Load driver uichague. Diski itajitokeza hapohapo. Unaweza pia kuzima VMD kwenye biosi, ila kama kuna Windows nyingine ndani unayoitaka bado, hiyo inaweza isiwake tena, sasa angalia mwenyewe.

SWALI: Fundi mimi nina programu ya kazini inakubali Windows 7 tu, inaongea na kifaa cha kupimia kupitia USB. Nimenunua laptopu mpya nikajaribu kupiga Windows 7, kibodi inafanya kazi ila mausi na tachipadi hakuna, halafu inaniambia draiva ya CD/DVD haipo wakati situmii CD. Nifanyeje?

JIBU: Huo ujumbe wa CD umepotosha watu wengi sana. Windows 7 ni ya 2009, haikuja na draiva ya USB 3.0, na Intel kuanzia kizazi cha 6 mwaka 2015 waliondoa ile njia ya zamani ya USB 2.0 kwenye chipuseti. Kwa hiyo biosi inasoma flashi yako vizuri, kisakinishaji kinaanza, halafu kinapochukua usukani mwenyewe milango yote ya USB inazimika pamoja na flashi ambayo kimetoka humo. Kinatafuta mafaili yake hakioni, kinadhani ni CD. Kibodi imepona kwa sababu ya ndani ya laptopu kwa kawaida inapita njia ya kizamani ya PS/2.

Ndiyo, unaweza kuchomeka draiva za USB 3.0 ndani ya flashi, na kama SSD ni ya aina ya NVMe ukaongeza na kiraka cha KB2990941. Lakini ukishavuka hapo unakutana na biosi ambazo hazina tena hali ya zamani ya CSM ambayo Windows 7 inaihitaji kuonyesha picha, halafu unakutana na kadi ya picha ambayo draiva yake ya Windows 7 haikuandikwa kabisa, na draiva ambayo haikuandikwa huwezi kuitafuta ukaipata. Nakuambia kwa moyo mweupe, usiende huko.

Acha laptopu na mfumo wake, weka VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta nyingine ya kuigiza ndani ya kompyuta yako), ndani yake tengeneza mashine ya Windows 7, kisha kwenye setingi za USB za hiyo mashine ongeza kifaa chako cha kupimia. Ukikichomeka kinapita moja kwa moja mpaka kwenye Windows 7, unaweka draiva yake humo kama zamani. Mtandao wa hiyo mashine ya ndani uzime kabisa, Windows 7 iliachwa Januari 14, 2020 na haifai kuona intaneti. Jaribu kifaa chako kwa kazi halisi ya siku nzima kabla hujakitegemea, kuna vifaa vichache vinavyotaka muda sahihi sana kwenye USB na hivyo ndo vinaweza kusumbua.

SWALI: Nina MacBook Pro ya mwishoni mwa 2013, nimeipandisha hadi macOS Sonoma kwa OpenCore Legacy Patcher (programu ya kuweka macOS mpya kwenye Mac za zamani) ikawa safi. Juzi nimekubali apdeti, imewaka waifai haipo na madirisha yanaburuzika. Nimeharibu?

JIBU: Hujaharibu kitu. Mashine hiyo kwa Apple iliishia macOS Big Sur, toleo la nyuma ya Ventura na Sonoma. Draiva za picha za hiyo Intel yake ziliondolewa kwenye Ventura, na za kadi yake ya waifai zikaondolewa Sonoma, OpenCore Legacy Patcher inachofanya ni kuzirudisha ndani ya mfumo. Apdeti yoyote ya macOS inaandika upya sehemu hiyo ya mfumo na viraka vyote vinafutika, kwa hiyo kila baada ya apdeti unafungua programu, Post-Install Root Patch, unasubiri, unaristati. Shida yako ni kwamba waifai haipo na huenda ikahitaji kushusha kitu, hapo tumia iPhone kwa waya au adapta ya ethaneti. Android nyingi hazitambuliki kwenye macOS kwa njia ya USB tethering, usipoteze muda nazo. Kuanzia sasa zima apdeti za kujiendesha zenyewe, na kabla ya kukubali yoyote hakikisha kwanza toleo la OpenCore Legacy Patcher ulilonalo linalisapoti hilo toleo jipya.

SWALI: Yangu ni Core 2 Duo, ramu GB 4, umesema Windows 11 basi tena. Nikiweka Linux draiva nazitoa wapi?

JIBU: Kwa Linux mambo ni kinyume, draiva nyingi zimo ndani ya mfumo wenyewe, unawasha tu na vitu vinaitikia, na mashine za zamani mara nyingi ndo zinakubali vizuri zaidi. Chagua mazingira mepesi ya skrini (desktop) kama Xfce. Kitakachoweza kukusumbua ni waifai ya Broadcom, fungua tamino (terminal) uandike lspci -nn, ukiona 14e4:4315 ni BCM4312, inahitaji faili la ziada ambalo kwa sababu za leseni haliwekwi ndani ya ISO nyingi. Chomeka simu kwa waya vilevile kama nilivyosema juu, na kama ni Ubuntu au Mint kuna sehemu ya kutafuta draiva za ziada, itakuletea yenyewe.

Usiweke siku hiyohiyo. Buti kwenye flashi, chagua kujaribu bila kusakinisha, kaa nayo saa moja, cheza video, piga sauti, punguza mwanga, unganisha waifai. Na ufunge mfuniko uufungue tena, kulala na kuamka ndo kunasumbua laptopu nyingi za umri huo, bora ulijue wakati diski yako bado iko vilevile.